Niko Nje kwa Dhamana

Kwa wewe uliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita, nakupa muhtasari, usije ukaniuliza maswali katikati ya njia.

Mimi ni Elinaza, mzaliwa wa Moshi, mpakia mizigo kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege wa Toronto. Miaka minne iliyopita nilikuwa na kadi mbili za mkopo na nusu ya akili. Kadi ya kwanza niliimaliza kwa harusi ya mdogo wangu kule nyumbani, maana nilitaka mshereheshaji ataje jina langu pamoja na neno Kanada. Alitaja. Kadi ya pili niliimaliza kwa kulipia ya kwanza. Kisha nikaacha kulipa zote mbili, na simu ya mkataba juu yake, nikidhani nchi kubwa namna hii haiwezi kunikumbuka.

Ilinikumbuka. Tukaishia kwenye chumba cha chini ya nyumba ya watu huko Brampton: mimi, mke wangu Valeria, binti yetu Crystal wa miaka tisa, na Samson, mdogo wake Valeria, aliyelala kwenye kochi. Kidirisha chetu kiko usawa wa majani. Ukitazama nje unaona miguu ya mwenye nyumba.

Mwaka jana dola mia tano za Valeria zikapotea kwenye kopo la maziwa ya unga alimozificha. Valeria akamtazama Samson, akasema kikulacho ki nguoni mwako, akamtupia begi lake nje. Tangu siku hiyo dada na mdogo hawajasemeshana.

Mwezi uliopita Valeria akanigeukia mimi. "Ikifika tarehe moja Julai hatuna nyumba yenye madirisha, mimi na Crystal tunahamia Edmonton kwa dada. Wewe utabaki na miguu ya watu."

Nyumba ilikuwepo. Mzee Aleixo, Mgoa mstaafu, mzaliwa wa Chang'ombe, Dar es Salaam, anayesali nasi misa ya Kiswahili, alikuwa na nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tisa, kule Rexdale. Sharti lake lilikuwa moja: alama zangu za mkopo, ile namba inayosema kama mtu analipa madeni yake, zifike mia sita na sitini. Ijumaa asubuhi nikafungua simu, nikakuta mia sita sitini na tatu. Hapo ndipo tulipoishia.

Sasa niwaambie jinsi mtu mwenye jina bovu anavyotakaswa katika nchi hii.

Unakwenda benki unawapa dola mia tano zako. Benki inazifungia. Kisha inakupa kadi yenye dola mia tano, inakwambia imekukopesha. Unakopeshwa pesa zako mwenyewe, na ukichelewa kuzirudisha unatozwa riba juu ya pesa zako mwenyewe. Ukiuliza, binti wa dirishani anatabasamu, anasema wanakujengea uaminifu.

Miezi yote hiyo nikanunua mkate kwa deni huku pesa ya mkate iko mfukoni. Ukilipa taslimu, hawakujui. Ukikopa mkate, ukaulipa wiki mbili baadaye, wewe ni muungwana. Marehemu bibi yangu hakuwahi kukopa hata chumvi. Hapa Toronto bibi huyo asingepangishwa banda la kuku.

Hizo mia tano unazofungiwa sisi Waswahili tunaziita dhamana, na kadi yenyewe kadi ya dhamana. Lishikeni neno hilo, maana ndilo lililoniponza.

Ile Ijumaa nilipoona mia sita sitini na tatu, nilikuwa kwenye basi la barabara ya Kipling naelekea kazini. Furaha ikanipanda kichwani. Nikamrekodia Valeria ujumbe wa sauti, kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani:

"Mama Crystal, mambo yamekubali. Mwaka mzima niko kwenye dhamana na sijafanya kosa hata moja. Wamesema nikiendelea na tabia njema wataniachia moja kwa moja, na ile mia tano niliyoweka watanirudishia. Usiwaambie watu kwanza."

Nikabonyeza. Nikaweka simu mfukoni. Nikaingia kazini nikapakia makontena nikipiga mluzi.

Saa ya chai nikatoa simu. Valeria hakuwa amejibu, na asingeweza kujibu, maana ujumbe haukumfikia. Ulikuwa umekwenda kwenye kundi la WhatsApp la Waswahili wa Etobicoke, watu mia mbili na kumi na wanne.

Nitawaeleza hao watu mia mbili na kumi na wanne ni watu gani. Nilipokuwa sina kodi, niliandika humo humo nikiomba mtu wa kunikopesha dola mia moja. Watu wakapata upofu wa ghafla. Mmoja tu alijibu, akaweka picha ya ua na maneno ya Habari za asubuhi.

Sasa ndugu yao alikuwa nje kwa dhamana. Ndani ya saa mbili walikuwa wameunda kamati ya kunichangia. Ina mwenyekiti, ina katibu, ina mhazini, na ina orodha ya ahadi yenye majina na viwango. Mtanzania mpe msiba au kesi, umemfurahisha. Deni peke yake ndilo asilotaka kulisikia.

Nikaandika kwa haraka: "Ndugu, samahani, sijakamatwa. Ni dhamana ya benki."

Katibu akajibu: "Pole kaka. Hatuhukumu mtu. Usiandike zaidi hapa, mwanasheria atakushauri."

Mhazini akanipigia simu. Huyo ni Mama Libérata, mwanamke wa Bukavu, kiongozi wa kwaya yetu, mwenye moyo mzuri na masikio ya kuchagua.

"Papa Crystal, pole sana. Mungu iko."

"Mama Libérata, mimi sijafungwa."

"Ndiyo, uko inje. Tumesikia. Caution, ile ya kukutoa, ilikuwa ngapi?"

"Dola mia tano. Lakini ni ya benki, mama. Niliiweka benki."

Akashusha sauti. "Ni benki ndiyo uliiba?"

Nikakata simu. Nilikosea, maana mtu asiye na hatia hakati simu. Hiyo ni sheria ya kundi.

Jioni nikafika nyumbani nikamkuta Valeria amekaa kitandani, simu mkononi. Alikwishausikiliza ujumbe mara tatu humo kwenye kundi, na yeye peke yake kati ya watu mia mbili alikuwa ameuelewa. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa upande wa kanga. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tuhamie Brampton, na nikiri kwamba nilijisikia mume.

"Mia sita sitini na tatu kweli?" akauliza.

"Kweli."

"Basi kesho tunatia sahihi. Waache waseme. Wakichoka watalala."

Crystal alikuwa mezani na madaftari yake. Mtoto huyu Kiswahili anakisikia chote ila hakijibu. "Daddy, are you going to jail?"

"Siendi jela, mama. Tunahamia kwenye madirisha."

Hapo simu ikalia. Alikuwa mzee Aleixo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Elinaza, kesho saa nane njoo na mkeo. Kalamu acha nyumbani."

Akakata.

Sisi tulikuja na kalamu mbili.

Nyumba ilikuwa tupu, imepakwa rangi, inanuka sabuni. Valeria hakusalimia hata kuta. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akasimama pale akitazama mabasi yakipita Kipling na ndege zikishuka uwanjani. Akaweka kiganja kwenye kioo. Nikajua kwamba nikishindwa kumpa dirisha lile, Edmonton haitakuwa tishio tena.

Mzee Aleixo alikuwa amekalia kiti cha kukunja, fulana ndani ya suruali, miwani puani. Mkataba uko kwenye meza ndogo mbele yake. Funguo ziko juu ya mkataba. Mkono wake uko juu ya funguo.

"Mwanangu Lester ananiambia nitazame namba tu," alisema. "Namba yako nzuri. Lakini mimi nimekulia Dar es Salaam, na mjomba wangu alikuwa karani wa mahakama. Dhamana naijua. Mtu aliye nje kwa dhamana leo yuko, kesho hayuko. Kodi yangu nitaidai gerezani?"

"Mzee, ile ni kadi. Kadi ya benki. Unaweka pesa wanakupa kadi."

"Mama Libérata anasema benki uliiba."

"Mama Libérata hajui."

"Mama Libérata ndiye anayetunza sadaka ya kwaya. Wewe ndiye uliyeacha kulipa kadi mbili na simu. Nimwamini nani?"

Nikafungua faili langu. Nilikuwa nimekuja na kila karatasi niliyopewa tangu nishuke kwenye ndege, maana nchi hii mtu ni karatasi zake. Nikampa taarifa ya alama. Nikampa taarifa za kadi za miezi mitatu. Mkate, maziwa, mkate, nauli, mkate.

Akazipitia kwa kidole. "Hapa pamesema umekula mkate. Neno dhamana halipo."

"Ndiyo kadi yenyewe, mzee."

"Elinaza, benki gani inapokea dhamana isitoe karatasi? Nionyeshe ile ya kwanza. Siku uliyoweka pesa. Nikiiona, nachukua kalamu yako natia sahihi sasa hivi, na Mama Libérata nitamfuata mwenyewe."

Karatasi ile ilikuwepo. Ilikuwa nyuma kabisa ya faili. Nikalifunga faili.

Msomaji, kuna jambo nimekuficha wiki zote tisa za simulizi hii. Nimekusimulia aibu zangu zote, nawe ukanionea huruma, na wengine mkaniandikia barua za kunitia moyo. Zile dola mia tano za kwenye kopo la maziwa hakuiba Samson. Nilichukua mimi.

Nilizichukua asubuhi, Valeria akiwa kazini, na saa tano nikawa dirishani benki nikizihesabu mbele ya yule binti wa tabasamu. Niliapa nitazirudisha kabla hazijatafutwa. Valeria alizitafuta kesho yake. Alipomshika Samson kola, mimi nilikuwa nimekaa kando nikila uji. Nilisema neno moja tu. Nilisema, "Vijana wa siku hizi."

Aliposema kikulacho ki nguoni mwako, alikuwa sahihi. Alikosea nguo tu.

Miezi mitatu baadaye, mwezi wa sita, nikamwambia Valeria nimefungua kadi kwa pesa za saa za ziada. Akanipongeza. Akanipikia ndizi nyama.

Na karatasi ya benki haidanganyi. Ina kiasi, ina neno taslimu, na ina tarehe.

"Ile karatasi nadhani imebaki nyumbani, mzee," nikasema.

"Kafuate. Mimi nipo."

"Brampton ni mbali, mzee."

"Nimestaafu."

Mlango ukagongwa. Mzee Aleixo akasema, "Ah, huyo atakuwa mtu wa kamati. Walinipigia wakauliza mtakuwa wapi leo, nikawaambia."

Akaingia Samson.

Alikuwa amekonda. Alivaa shati la kanisani na alishika bahasha ya kaki kwa mikono miwili. Alipomwona dada yake dirishani alisita, nikafikiri atarudi alikotoka.

"Shikamoo dada."

Valeria akatazama ndege.

"Shikamoo mzee. Shemeji, habari." Akanijia mimi. "Kamati imenituma kwa kuwa mimi ni wa familia. Ni dola elfu mbili mia tatu na arobaini. Orodha iko ndani, kila mtu na alichotoa."

"Samson, mimi sina kesi."

"Sijaja kukuuliza, shemeji." Aliongea chini chini, kwa adabu ile ile ya siku zote. "Mia tano humo ni zangu. Watu walipoanza kusema umeiba benki, nilisema hapana, huyu namjua. Mimi najua ilivyo kuitwa mwizi wakati hukuiba. Usiku hulali."

Nikaipokea ile bahasha. Ndugu zangu, niliipokea. Sikujua mikono ipelekwe wapi.

Valeria aligeuka kutoka dirishani. Yale maneno yalikuwa yamemchoma, nikaona. Lakini Valeria akichomwa hukasirika, na akikasirika hutafuta kazi ya kufanya. Akanijia.

"Baba Crystal, kwa nini tunapoteza muda? Mpe mzee karatasi."

"Iko nyumbani."

"Iko kwenye faili. Nimekupangia faili hili mwenyewe jana, na kila kitu ulichonipa kimo. Kama hukuiba, unaficha nini?"

"Ulinipangia?"

"Sikusoma. Nilipanga kwa rangi ya nembo. Lete."

Akalichukua faili mikononi mwangu. Mwizi wa kweli angekimbia, na mtu mwema angesema ukweli palepale. Mimi nilisimama nikishika bahasha ya mchango kifuani.

Alitoa karatasi ya mwisho. Nikawahi, nikaishika upande wa juu kana kwamba namsaidia kuibeba, tukampelekea mzee tukiwa wawili, yeye kaishika chini na mimi juu. Kidole gumba changu kilikuwa juu ya tarehe.

Mzee Aleixo akashusha miwani. "Dhamana ya kadi," akasoma, akitafsiri polepole. "Dola mia tano. Taslimu. Jina lako hili. Itarudishwa baada ya mwenendo mzuri." Akacheka, kicheko kifupi cha kizee. "Kumbe kweli. Kumbe benki nao wana mahakama yao. Samahani sana, Elinaza. Nimekudhania vibaya."

"Hakuna shida, mzee."

Akasukuma funguo kuelekea upande wangu. Akachukua kalamu. Nikaanza kupumua.

"Toa kidole," akasema. "Nataka kuandika tarehe ya karatasi hii pembeni ya mkataba, Lester aone nimefanya kazi."

"Haina haja, mzee."

"Toa kidole, kijana."

Nilitoa kidole. Siku za mwizi ni arobaini, na mimi nilikuwa nimepewa miezi kumi na tano nikadhani nimesamehewa.

"Tarehe saba," akasoma huku akiandika. "Mwezi wa tatu. Mwaka jana."

Valeria alikuwa amekwishanyoosha mkono kuchukua funguo. Mkono ukabaki hewani.

"Mzee, soma tena."

"Tarehe saba, mwezi wa tatu."

"Si mwezi wa sita?"

"Tatu, mama. Miwani yangu mipya."

Valeria hakunitazama mimi. Alimtazama mdogo wake, kwa mara ya kwanza baada ya mwaka na miezi mitatu.

"Samson, wewe ulitoka kwangu lini?"

"Tarehe nane, dada. Siku ya Wanawake." "Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nimekununulia maua. Yalibaki kwenye begi."

"Mama Crystal," nikaanza, "nisikilize."

"Nyamaza."

Hakupaza sauti. Alichukua ile bahasha kifuani kwangu, akamrudishia Samson, akamkunjia vidole juu yake kimoja kimoja, kama alivyokuwa akimfungia nauli ya shule alipokuwa mdogo. Kisha akamgeukia mzee Aleixo. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mzee, nyumba naitaka. Mtoto wangu anataka madirisha. Lakini jina la huyu silitaki kwenye karatasi hiyo. Mimi mwenyewe sina alama. Unaweza kuandika la mwingine?"

Mzee Aleixo alitutazama mmoja mmoja juu ya miwani yake mipya. Karani wa mahakama hakuwa mjomba wake bure. Akazivuta funguo polepole kutoka upande wangu wa meza, akazisogeza mpaka upande wa pili, alikosimama shemeji yangu na bahasha yake.

"Kijana," alimwuliza, "wewe alama zako ngapi?"

Samson alikuwa ananitazama mimi.